Simu Nzima, WhatsApp Imegoma

Simu zilizofungiwa WhatsApp tarehe 24 Oktoba 2023 hazikuwa na hitilafu yoyote. Betri zilishika chaji, vioo havikuwa na ufa, laini zilipiga na kupokea kama kawaida. Ila kuanzia siku hiyo, simu ya Android iliyokuwa chini ya toleo la 5.0 iliondolewa katika orodha ya simu ambazo kampuni hiyo ya Marekani inazihudumia. Katika mji kama Emali, ambako simu hupitia mikono mitatu minne kabla ya kustaafu, tarehe ya namna hiyo haitangazwi sokoni. Mwenye simu hugundua pale ujumbe wa kikundi cha mazishi unapoacha kuingia, na orodha ya michango inasomwa bila jina lake.

Emali ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa inaupasua, nyingine inachepuka kuelekea Kimana na Loitokitok chini ya Mlima Kilimanjaro, na mpaka wa kaunti za Makueni na Kajiado uko papo hapo. Siku ya soko la mifugo, Wakamba na Wamaasai hukutana kwenye zizi moja. Nyanya na vitunguu vya Kimana hupitia hapa vikienda mjini. Bei hujadiliwa kwa simu, malipo hutumwa kwa simu, na picha ya fahali humfikia mnunuzi wa Nairobi kabla lori halijawashwa. Kwa mfanyabiashara wa aina hii, simu iliyogoma ni siku ya soko iliyopotea.

Mambo hayakuanza hivyo. M-Pesa ilipozinduliwa tarehe 6 Machi 2007, simu nyingi za mashambani zilikuwa zile ndogo zenye tochi, ambazo Wakenya walizibatiza mulika mwizi. Safaricom waliiweka huduma hiyo ndani ya laini. Simu yenyewe haikuhitaji kujua lolote kuhusu pesa, na ndiyo sababu hadi leo mzee mwenye simu ndogo ya kabambe ya kitambo hutuma na kupokea fedha bila kumuuliza mtu anatumia toleo gani. Uamuzi huo wa kiufundi umewakinga Wakenya kuliko sera nyingi zilizoandikwa baadaye.

Mwezi Juni 2009 serikali iliondoa ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwenye simu, zikashuka bei. Mwaka huo huo WhatsApp ilianzishwa huko Marekani, na kwa maelezo yake yenyewe, karibu asilimia 70 ya simu za kisasa zilizouzwa wakati huo zilikuwa zikiendeshwa na mifumo ya BlackBerry na Nokia. Mwenye Nokia E63 au C3 alikuwa mtu wa maana. Mwanzoni mwa 2011 ikaja Huawei Ideos, iliyouzwa na Safaricom kwa Sh8,000 hivi: kioo cha inchi 2.8, kamera ya megapikseli 3.2, Android 2.2. Kwa mara ya kwanza, simu ya Android ilikuwa na bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi angeweza kuifikiria bila kuuza mbuzi wote.

Kisha Wakenya wakaonjeshwa jambo ambalo sasa ni la kawaida: simu kuzimwa na mtu aliye mbali. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012, Mamlaka ya Mawasiliano, wakati huo ikiwa tume iitwayo CCK, iliamuru kampuni za simu zikate simu zote bandia. Watu walikuwa wamepewa muda wa kubonyeza *#06#, kuisoma namba ya IMEI na kuituma kwa 1555 ili wajue kama simu yao ni halali. Karibu simu milioni 1.9 zilinyamaza. Simu za Kichina zilizoitwa katululu, zenye laini mbili, spika za kelele na antena ya televisheni ziligeuka vifaa vya watoto kuchezea. Lakini walau hapo serikali ilitangaza redioni, ikatoa namba ya kuulizia na ikataja siku. Wenye programu walipokuja kufunga milango yao, notisi ilikuwa kwenye ukurasa wa maswali na majibu, kwa watu wanaosoma kurasa hizo.

Tarehe zenyewe zinafuatana hivi. Februari 2016 WhatsApp ilisema itaacha BlackBerry, Nokia za Symbian na S40, pamoja na Android 2.1 na 2.2. Ideos ikawa imehukumiwa, miaka mitano tu tangu ishangiliwe. Wenye Nokia na BlackBerry waliongezewa muda. S40, iliyokuwa ndani ya Nokia Asha nyingi, ilifika mwisho wa 2018. Tarehe 1 Februari 2020 ikawa zamu ya Android 2.3.7 na iPhone zenye iOS 8. Novemba 2021, Android 4.0. Oktoba 2023, zote zilizobaki za nne.

Sababu wanazotoa wenye programu si za kubuni. Aprili 2016 WhatsApp ilikamilisha usimbaji unaofanya ujumbe usomwe na mtumaji na mpokeaji peke yao, na kazi kama hiyo inataka nguvu na vipengele ambavyo mifumo ya kale haina. Simu isiyopokea viraka vya usalama ni rahisi kuvamiwa. Kila toleo la zamani linalohudumiwa ni kazi ya ziada kwa waandishi wa programu. Nayakubali yote hayo. Ninachokataa ni saa inayotumika kupima uzee. Umri wa simu huhesabiwa tangu itoke kiwandani, wala hauangalii siku ulipotoa pesa mfukoni. Kijana wa Nairobi hununua Tecno mpya, huitumia miaka miwili, humwachia dada yake, dada humpelekea mama Emali wakati wa Krismasi. Kwa mama, simu ni mpya kabisa. Kwa kampuni, imebakisha miezi.

Tukitaka kuelewa ni nini hasa kinachovunjika, tuangalie reli zinazopita Emali. Ile ya mkoloni, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ina upana wa milimita 1,000. Ya kisasa, SGR, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017 na kuipa Emali kituo chake, ina milimita 1,435. Behewa la zamani linaweza kuwa imara, limepakwa rangi na magurudumu yake yanazunguka, na bado lisitembee hata hatua moja kwenye reli mpya. Programu nayo huandikwa ikiwa na kiwango cha chini cha mfumo inaoutaka. Mwandishi akikipandisha kiwango hicho, duka la Google huacha kukuonyesha toleo jipya, au hukuambia kifaa chako hakifai. Ile ya zamani uliyo nayo huendelea kwa muda, kisha seva inaikataa.

Dawa ya kawaida ni kusasisha mfumo wenyewe, na hapo ndipo simu za bei nafuu zilipoachwa yatima. Google hutoa Android mpya kila mwaka, lakini simu haiipokei moja kwa moja. Anayetengeneza chipu lazima aandae sehemu yake, anayetengeneza simu aandae yake, na hakuna faida ya kufanya hivyo kwa simu ya Sh7,000 iliyokwisha kuuzwa. Simu nyingi za kiwango hicho zilizojaa masoko yetu katika muongo uliopita zilikufa na toleo zilizozaliwa nalo.

Mafundi wa simu wanalijua hili kuliko wanasiasa wanaoimba uchumi wa kidijitali. Ukikaa kwenye kibanda cha fundi, meza ya mbao yenye kikuza, brashi ya meno na kopo la spiriti, utaona hatua ya kwanza haihusu bisibisi. Anafungua Mipangilio, anashuka hadi Kuhusu Simu, anasoma toleo la Android. Likianza na nne, anarudisha simu kwa mwenyewe bila kuifungua. Wapo wanaoflashi, yaani wanaofuta mfumo na kuweka mwingine kwa kompyuta, lakini kwa simu nyingi za bei ya chini mfumo mpya wa kuweka haupo. Wengine walikuwa na ujanja wa kurudisha tarehe nyuma: WhatsApp ikisema toleo hili limeisha muda, unaiambia simu kwamba bado ni mwaka jana. Ujanja huo ulifanya kazi kwa siku kadhaa. Lakini ujumbe ulijipanga ovyo, na tovuti zenye ulinzi zikakataa kufunguka kwa sababu saa ya simu haikuafikiana na ya dunia.

Tovuti nazo zina habari yake, isiyozungumzwa sana. Ili kivinjari kiamini tovuti, lazima kitambue cheti chake, na orodha ya wanaoaminika kutoa vyeti hukaa ndani ya mfumo wa simu. Let's Encrypt, shirika lisilo la faida linalotoa vyeti bure kwa mamilioni ya tovuti, lilionya Novemba 2020 kwamba simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1, theluthi moja ya zote kwa hesabu yake, hazikulitambua. Likatafuta njia ya kuzibeba kwa miaka mitatu zaidi, hadi Septemba 2024. Google yenyewe, tarehe 27 Septemba 2021, iliwafungia wenye Android 2.3.7 kurudi chini wasiingie tena kwenye akaunti zao. Hapo hata barua pepe na duka la programu vikaondoka.

Mwaka 2020 ulileta swichi ya aina nyingine. Safaricom na Google walizindua Lipa Mdogo Mdogo: ulikuwa unaweka malipo ya mwanzo ya simu ya kisasa, halafu Sh20 kwa siku hadi deni liishe. Wengi waliokuwa na mulika mwizi waliingia kwenye intaneti kwa mlango huo. Sharti lake ni kwamba usipolipa, simu hufungwa kwa mbali hadi ulipe. Sisemi ni dhuluma, maana mkopo ni mkopo. Nasema tu kwamba tumezoea mno kubeba mfukoni kitu ambacho ufunguo wake uko kwa mwingine.

Siku sita baada ya WhatsApp kuziacha simu za Android 4, yaani tarehe 30 Oktoba 2023, Rais William Ruto alifungua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, kwenye barabara hiyo hiyo ya Mombasa. Neon Smarta ilitangazwa kwa Sh7,499 na Neon Ultra kwa Sh8,999, bei zisizo mbali na ile ya Ideos miaka 12 iliyotangulia. Hiyo ni hatua. Hata hivyo, mwaka uliotangulia sheria ya fedha ya 2022 ilikuwa imeongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoingia nchini. VAT nayo ilikuwa imerudi tangu 2013. Kwa mkono mmoja tunaambiwa tuhamie dijitali, kwa mwingine tunatozwa mlangoni.

Kulikuwa pia na jaribio la kati na kati: simu za vitufe zenye mfumo wa KaiOS, ambazo kuanzia 2019 zilikuwa na WhatsApp bila kuhitaji kioo kikubwa. Zilimfaa mtu ambaye vidole vyake vimezoea jembe. Juni 2024 WhatsApp iliacha kupakuliwa kwenye simu hizo, na mlango huo ukafungwa bila kelele.

Mlango uliobaki wazi ni ule wa kale, namba fupi zenye alama za nyota na reli, yaani * na #. Tiketi ya treni kutoka Emali hununuliwa kwa *639#. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, iko kwa *254#. Usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, uliwekwa kwa *147#. Hakuna kati ya hizi inayouliza simu yako ilitengenezwa lini. Huduma zikihamishiwa kwenye apu peke yake, kwa kuwa apu hupendeza kwenye hafla ya uzinduzi, watakaoachwa nje ni wale wale wanaotajwa kwenye hotuba kama walengwa. Bunge la Kaunti ya Makueni na lile la taifa yana haki ya kudai kwamba huduma yoyote ya umma iwe na njia ya namba fupi, na idumu.

Kwingineko sheria imeanza kusogea. Tangu tarehe 20 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji watoe masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya kuacha kuuza simu husika. Samsung na Google sasa huahidi miaka saba kwa simu zao za bei ya juu. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya tayari hukagua aina za simu kabla ya kuziruhusu sokoni. Kuongeza sharti moja, kwamba boksi lionyeshe mwaka ambao masasisho yatakoma, hakutamgharimu mtu chochote zaidi ya wino.

Hadi hapo, mwananchi ajilinde mwenyewe. Ukinunua simu, hasa ya mkono wa pili au ile iitwayo ex-UK, usianze na kamera. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu Simu, usome toleo la Android. Likiwa la tano au la sita, hata kama kioo kinang'aa namna gani, mrudishie muuzaji simu yake.