Turbo ya kamio: ju ya nini gurudumu lake halichomelewi?

Mu ateliye za Nyakasanza, fundi wa kuchomelea anarudisha mlango, shasi, hata sahani ya jembe. Lakini gurudumu la turbo likipasuka, hata fundi hodari anapashwa kukataa. Haiko kwa sababu hajui kazi. Ni chuma chenyewe.

Chuma gani?
Moshi wa mazutu, wenye kupita digri 600 wakati kamio inapanda na mzigo, ndio unazungusha gurudumu hilo, karibu mara 100.000 kwa dakika. Chuma cha kawaida kingelegea. Kwa hiyo turbo nyingi ziko na mchanganyiko wa nikeli unaoitwa Inconel 713: nikeli karibu asilimia 74, kromu 12, aluminiumu 6.

Kwa nini linapasuka tena?
Resori ya gari inakuwa ngumu ukiichoma na kuizamisha mu mafuta. Nikeli haiko vile. Inapata nguvu pale aluminiumu na nikeli vinaungana kuwa chembe ndogo sana ndani yake. Mu Inconel 713 chembe hizo zinatokea haraka mno. Kiungo kikiwa bado kinapoa na kujivuta, chuma tayari kimekazana, hakiwezi kunyooka. Kinapasuka pembeni ya mshono, pengine bila jicho kuona.

Ndugu yake, Inconel 718, anachomeleka. Humo niobiumu inafanya chembe zichelewe. Fundi anachomelea kwanza, chuma kikiwa laini. Kisha kinawekwa mu tanuru digri 720 kwa saa 8, kinashushwa polepole hadi 620, kinakaa tena saa kama 8. Nguvu yake inapanda zaidi ya mara mbili.

Lakini turbo iko na kiungo!
Ndiyo. Gurudumu limeungwa na mhimili wa chuma kule kiwandani, bila bageti: vipande vinasuguliwa kwa mwendo mkali mpaka vinashikana, ao kwa mwale wa elektroni. Kisha kiungo kinapashwa moto ili kitulie.

Shoferi afanye nini?
Anunue gurudumu pamoja na mhimili wake, vikiwa vimesawazishwa. Pia atafute chanzo: mara nyingi ni mafuta machafu ao filtre ya hewa yenye kujaa vumbi. Turbo ikivunjika, mafuta yanaweza kuingia mu moteri, ikakimbia yenyewe bila kuzimika.