Maporomoko ya Nyandarua: Ngurumo ya maji inayomwita msafiri

WAHENGA walinena kuwa mtembezi hula miguu yake. Lakini katika milima ya Nyandarua, ambayo pia hujulikana kama Aberdare, asiyekubali kuichosha miguu huondoka bila ya kuona kilicho bora zaidi. Maporomoko mengi ya eneo hili yamejificha ndani ya makorongo yenye kina, yamezingirwa na mianzi na ukungu, na aghalabu msafiri huyasikia kabla ya kuyaona.

Milima hii ni sehemu ya ukuta wa mashariki wa Bonde la Ufa, katikati mwa Kenya. Imetanda kutoka kaskazini kuelekea kusini, baina ya nyanda za Kinangop upande wa magharibi na mabonde ya Nyeri na Murang'a upande wa mashariki. Kilele chake cha juu kabisa, Lesatima, kina kimo cha takriban mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali kile cha Kinangop kilicho kusini kinafikia mita 3,906.

Jina Aberdare lilitolewa na mvumbuzi kutoka Uskoti, Joseph Thomson, aliyepita hapa katika safari yake ya 1883 na 1884. Alikusudia kumuenzi Lord Aberdare, aliyekuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza. Wagikuyu, kwa upande wao, walikuwa na jina lao la Nyandarua tangu jadi. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mnamo 1950. Miaka miwili baadaye hali ya hatari ilitangazwa nchini, na misitu hiyo hiyo ikawa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau.

Kwa nini maporomoko ni mengi

Nyandarua ilitokana na volkano za kale. Matabaka ya miamba migumu yamelaliana na mengine laini zaidi, na mito imekuwa ikiyachimba kwa muda mrefu mno. Pale ambapo mwamba mgumu hukataa kuliwa na maji na ule laini ulio chini yake ukakubali, mto hukosa njia ila kuruka.

Fauka ya hayo, upepo utokao Bahari ya Hindi huleta mvua nyingi katika miteremko ya mashariki. Mvua hiyo hupokewa na msitu, kisha mianzi, kisha mbuga za nyasi zenye majimaji zilizo juu ya mita 3,000. Ardhi ya huko juu hufyonza maji kama sifongo na kuyaachilia polepole. Ndiyo maana mito ya Nyandarua huendelea kutiririka hata wakati wa kiangazi.

Karuru na Gura

Maporomoko mashuhuri zaidi ndani ya hifadhi ni ya mto Karuru. Maji yake huanguka kwa jumla ya mita 273 katika hatua tatu: ya kwanza mita 117, ya pili mita 26, na ya mwisho mita 130. Mgeni huacha gari na kufuata njia ya miguu hadi ukingoni, ambako pamejengwa jukwaa la kutazamia. Upande wa pili wa bonde, kukiwa hakuna ukungu, huonekana maporomoko ya Gura, yenye takriban mita 300. Mito hiyo miwili hukutana chini, ndani ya korongo lenye msitu mzito.

Maporomoko ya Chania ni mafupi, lakini yanafikika kwa urahisi zaidi na mtu anaweza kuyakaribia kwa miguu. Msomaji asiichanganye Chania hii, inayopita katika mji wa Nyeri, na Chania nyingine ya mji wa Thika. Zote mbili huanzia Nyandarua, lakini kila moja ina bonde lake. Katika mto Magura nako kuna maporomoko yenye pango pana, linaloitwa Pango la Malkia.

Hakuna anayeruhusiwa kuranda atakavyo katika hifadhi hii. Ndovu, nyati na chui wamo, na mianzi hufunga macho kiasi kwamba nyati anaweza kuwa hatua chache tu mbele bila ya kuonekana. Anayetaka kutembea mwendo mrefu hupanga mapema na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ili aandamane na askari mwenye silaha. Gari linalofaa ni lile linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, maadamu barabara za juu hugeuka matope pindi mvua inyeshapo.

Nyahururu, kwa asiye na gari

Msafiri wa matatu hajasahauliwa. Kaskazini mwa milima, pembeni mwa mji wa Nyahururu, mto Ewaso Narok huanguka mita 74. Thomson aliyafikia maporomoko haya mnamo 1883 na kuyapa jina la ukoo wake kwa heshima ya baba yake. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haina mzaha.

Mtu anaweza kutazama kutoka juu na kuridhika. Anayetaka kuhisi nguvu za maji hushuka kwa ngazi hadi chini ya korongo, ambako manyunyu humlowesha kabla hajafika ukingoni mwa mto. Kushuka ni rahisi. Kupanda ndiko kunakompima mtu pumzi, hasa aliyezoea hewa ya Mombasa au Kisumu.

Uzuri wenye hatari

Ajali katika maporomoko haziji kwa sababu ya wanyama pekee. Mawe yaliyo karibu na maji huota ukungu wa kijani na kuteleza kama sabuni. Wengi hukaribia ukingo ili wapigwe picha, na hatua moja ya kurudi nyuma hutosha. Kuogelea katika dimbwi lililo chini ya maporomoko ni kucheza na mauti: maji ni baridi mno, na mkondo wa chini humvuta mtu asiweze kuibuka.

Hatari kubwa zaidi ni mafuriko ya ghafla. Mvua inaweza kunyesha kilomita nyingi huko juu ilhali jua linawaka bondeni. Katika Bonde la Ufa, si mbali na Nyandarua, wageni waliokuwa wakitembea ndani ya korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha walisombwa na maji na kufariki mnamo Aprili 2012, na mkasa kama huo ukatokea tena Septemba 2019. Funzo ni kwamba maji yakianza kubadilika rangi, kubeba majani na vijiti, au ngurumo yake ikiongezeka, mtu asisubiri kuona zaidi. Apande juu mara moja, na aache mizigo ikibidi.

Majira yanayofaa zaidi ni Januari na Februari, halafu kuanzia Juni hadi Septemba, ingawa Julai na Agosti ukungu unaweza kuficha kila kitu hadi adhuhuri. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na zile za vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba, huyanenepesha maporomoko lakini huharibu njia. Viatu vyenye meno, koti la mvua, nguo za sufu, maji ya kunywa na chakula ni mambo ya lazima. Anayeumwa na kichwa au kushikwa na kichefuchefu akiwa juu asijikaze kisabuni. Dawa ni kuteremka.

Maji yanakokwenda

Mtembezi anaposimama mbele ya Karuru huwa anatazama maji ambayo huenda tayari anayatumia. Karuru huingia Gura, na Gura hatimaye huingia Tana, mto unaozungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mnamo 1994 na kujazwa na mito ya Nyandarua, hutoa sehemu kubwa ya maji ya Nairobi. Mto Malewa hulisha Ziwa Naivasha, nao Ewaso Narok hupeleka uhai kwa wafugaji wa Laikipia na kwingineko kaskazini.

Uchunguzi wa angani uliotolewa ripoti yake mnamo 2003 ulifichua jinsi msitu huu ulivyokuwa ukihujumiwa na wakataji miti na wachoma makaa. Ua wa umeme wenye urefu wa takriban kilomita 400, ulioanza kujengwa mnamo 1989 na kukamilika 2009, umepunguza uharibifu na pia vita baina ya wakulima na ndovu. Hata hivyo, ua hauzuii moto, kama ilivyodhihirika Februari 2022 miali ilipoteketeza sehemu ya nyasi za juu. Kwa sababu hiyo mgeni anakatazwa kuwasha moto ovyo, kutupa vipande vya sigara na kuacha taka.

Maporomoko hayasemi uongo. Msitu ukiwa mzima, maji huanguka yakiwa maangavu hata kiangazi kikiwa kikali. Ukifyekwa, mto hufurika kwa rangi ya udongo msimu wa mvua, kisha hukonda na kubaki uzi mwembamba mwambani. Msafiri anayerudi Nyandarua mwaka baada ya mwaka hahitaji ripoti ya mtaalamu ili kujua hali ya milima. Inatosha asimame ukingoni, atazame na kusikiliza.