Nyumba kama Pensheni: Rika la Uhuru katika Kinondoni na Temeke

Watanzania waliozaliwa kati ya 1955 na 1964 ni rika la Uhuru. Marekani wenzao huhesabiwa kuwa mkia wa wimbi la uzazi lililofuata Vita vya Pili vya Dunia. Tanzania uzazi ulikuwa juu tangu awali, na kilicholitenga rika hili ni mwendo wa siasa na uchumi. Lilikulia katika ahadi za dola, likafikia utu uzima ahadi hizo zikiishiwa nguvu. Kwa hiyo, katika Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, maisha yake yalishikiliwa na kiwanja kuliko mshahara.

Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilimwandaa mwanafunzi kuishi kijijini. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, hivyo wengi waliishia darasa la saba, na sehemu yao wakaja mjini. Wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam waliongezeka kutoka takriban 356,000 mwaka 1967 hadi 843,000 mwaka 1978. Viwanda kama Urafiki, kilichofunguliwa 1968, viliajiri baadhi yao. Kisha kupanda kwa bei ya mafuta, Vita vya Kagera vya 1978–79 na uhaba wa fedha za kigeni vilidhoofisha uzalishaji, na mshahara ukakosa kutosha mwezi. Familia ziliishi kwa miradi: vitumbua, genge, cherehani, kuku. Hata kampeni ya Nguvu Kazi ya 1983, iliyowarudisha vijijini watu wasio na kazi inayotambuliwa, haikuizima biashara hiyo ndogo.

Faida ya miradi iliingia kwenye ardhi. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kuboresha makazi ya Manzese, kisha Mtoni na Tandika. Viwanja vilivyopimwa havikukidhi mahitaji. Wengi walinunua vipande vya mashamba kwa wenyeji, maeneo kama Mbagala, kwa hati ya mkono iliyoshuhudiwa na mjumbe wa nyumba kumi. Pesa ya upatu ilinunua saruji. Msingi, kuta na bati vilifuatana kwa miaka. Nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba pande mbili za korido na uani nyuma, iliruhusu mwenyewe kuishi chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki.

Thamani ya mpango huo ilionekana katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa na wafanyakazi kupunguzwa. Kiinua mgongo kiliisha. Kodi ya chumba iliendelea. Waliozaliwa 1961 walipofikia umri wa kustaafu wa miaka 60, mwaka 2021, wengi waliofanya kazi nje ya ajira rasmi hawakuwa na mafao ya mfuko wowote.

Kinga ya nyumba ya kupangisha haikuwafikia wote. Waliobaki wapangaji walizeeka bila hiyo. Wanawake wengi walichangia ujenzi ilhali hati ina jina la mume, ingawa Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu (1983), ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Bomoabomoa ya 2017 kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, ilionyesha pia kwamba jengo lililo ndani ya hifadhi ya barabara linaweza kutoweka pamoja na akiba ya miongo kadhaa. Sera ya wazee mjini, basi, haiwezi kutenganishwa na usalama wa milki na haki za mirathi.