Kujua usichokijua: kumfundisha mwanafunzi wa sayansi kujikagua

Mwanafunzi akirudia daftari la Baiolojia mara nne, maneno humzoea, akaamini ameelewa. Mtihani ndio unaomwonyesha kuwa sivyo. Uwezo wa kufuatilia fikra zako mwenyewe na kutambua ulipokwama hufundishika. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Flavell, ndiye aliyeupa jina la kitaalamu miaka ya 1970.

Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani walichapisha majaribio yao. Wanafunzi waliosoma habari mara nne walijiamini kuliko waliosoma mara moja kisha wakajipima mara tatu bila kuangalia. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi.

Darasani, kipande cha kiazi mbatata na maji yenye chumvi nyingi vinatosha kuanzia. Kabla ya kukitumbukiza, kila mwanafunzi aandike anachotarajia na sababu yake. Baada ya saa chache kiazi hulegea, kwa kuwa maji yametoka ndani yake kwa osmosisi. Sasa aandike: nilidhani nini, nimeona nini, kwa nini vimetofautiana? Asipunguziwe alama kwa kubashiri vibaya, la sivyo atasubiri jibu la mwenzake.

Tanzania, sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na kukariri huficha mengi. Kwa hiyo tunamshauri mzazi, hata ambaye hakusoma sayansi: mwambie mtoto afunge daftari, akueleze somo kwa Kiswahili cha nyumbani. Atakapokwama, hapo ndipo pa kurudia.