Ruhusu au Zuia: Historia ya Faiawali ya Kompyuta Binafsi

Faiawali za kwanza, kinga za kuchuja mawasiliano ya mtandao, zilikaa mlangoni pa mtandao wa taasisi nzima, si ndani ya kompyuta ya mtu mmoja. Mnyoo wa Morris wa Novemba 1988, programu iliyojisambaza yenyewe na kukadiriwa kuvamia kompyuta 6,000, uliwafanya wasimamizi wa mitandao wamwogope anayebisha hodi kutoka nje. Programu iliyokwisha kuwa ndani haikuulizwa inakwenda wapi.

Swali hilo lilizuka intaneti ilipoingia majumbani. Mwaka 1999 iligundulika kwamba RealJukebox, programu ya kusikilizia muziki, ilikuwa ikiwatumia watengenezaji wake taarifa za muziki anaosikiliza mtu, pasipo kumwambia. Kikulacho kilikuwa nguoni.

Mwaka 2000 kampuni ya Zone Labs ya San Francisco ilitoa ZoneAlarm, bure kwa matumizi ya nyumbani. Programu ilipojaribu kutoka kwa mara ya kwanza, kidirisha kiliibuka kwenye skrini: jina lake, swali kama iruhusiwe, vitufe vya Ndiyo na Hapana, na kisanduku cha kutia alama ili jibu likumbukwe. Mwaka huohuo mtaalamu wa usalama wa kompyuta Steve Gibson alitoa LeakTest, programu ndogo ya kupimia ulinzi huo. Ilipopewa jina la programu inayoaminiwa, baadhi ya faiawali ziliipisha. ZoneAlarm haikuangalia jina tu; ilihifadhi alama ya kihisabati iliyokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, na faili likibadilika swali liliulizwa upya.

Tatizo kubwa zaidi lilimkabili anayeulizwa. Je, svchost.exe iruhusiwe? Jina hilo halimwambii kitu mtu wa kawaida, ingawa ni sehemu ya Windows yenyewe, na kuizuia kungeweza kufanya kurasa zisifunguke. Aliyekatikiwa intaneti mara moja kwa kubonyeza Hapana alianza kubonyeza Ndiyo kila mara. Hakustahili lawama: alipewa kazi ya hakimu bila kuonyeshwa ushahidi.

Baada ya mnyoo wa Blaster wa Agosti 2003, Microsoft iliboresha Windows XP mwaka uliofuata, faiawali yake ikawa inawashwa tangu mwanzo. Hata hivyo ilizuia yanayoingia tu. Kwenye Mac, Little Snitch kutoka Austria iliendelea kuuliza kuhusu yanayotoka, hadi Novemba 2020, toleo la Big Sur liliporuhusu baadhi ya programu za Apple kuzikwepa faiawali za namna hiyo. Malalamiko yalikuwa makali, na upendeleo huo ukaondolewa mwanzoni mwa 2021.

Kwenye simu za Android swali halipo kabisa. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, programu huomba ruhusa ya kutumia kamera au maikrofoni wakati wa matumizi, lakini ruhusa ya intaneti hutolewa kimyakimya inaposakinishwa. Mwenye simu anaweza kuizuia programu isitumie bando ikiwa nyuma ya pazia. Anayetaka zaidi hutumia programu kama NetGuard, inayojifanya VPN ndani ya simu ili mawasiliano yote yapitie kwake.