Onesimo na Barua za Kilwa



Katika mzunguko wa miaka 3 wa masomo ya Dominika, Waraka wa Mtume Paulo kwa Filemoni husomwa mara moja tu, yaani Dominika ya 23 ya Mwaka C. Una sura moja, na wengi wetu huupita upesi. Hata hivyo ni barua halisi ya mtu kwa mtu, na habari yake ni ya mtumwa aliyekuwa mbali na bwana wake. Juma hili tumeona vema tuusome kando ya barua nyingine, zilizoandikwa katika pwani yetu hii ya Kilwa na kuhifadhiwa mbali sana nayo.

Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu. Zinatoka katika jamaa ya kifalme, enzi za Malkia Fatima binti Muhammad, na zilipelekwa Msumbiji kwa Wareno na washirika wao. Waomani walikuwa wameiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, na watu wa Kilwa walikuwa wakipima upepo: wamtegemee nani? Leo barua hizo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, kwa sababu hadi mwaka 1752 Msumbiji ilitawaliwa kutoka huko. Yatupasa kujivunia kwamba lugha tunayosalia ilikuwa tayari lugha ya barua za wakuu zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Lakini hifadhi hazitunzi fahari peke yake. Huko Oxford, Uingereza, zimo karatasi za Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, aliyekuwa tabibu wa upasuaji kabla ya kuwa mfanyabiashara. Zilichapishwa mwaka 1965 na mwanahistoria G.S.P. Freeman-Grenville. Ndani yake umo mkataba wa tarehe 14 Septemba 1776 kati ya Morice na Sultani Hasan bin Ibrahim bin Yusuf wa Kilwa. Sultani anaahidi kumpatia Mfaransa huyo watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20 kwa kila mmoja. Piasta ni ile sarafu ya fedha ambayo wazee wetu waliiita reale. Juu ya bei hiyo, mfalme atapewa piasta 2 kwa kila kichwa. Wanunuzi wengine, wawe Wafaransa, Waholanzi au Wareno, watasubiri mpaka Morice atakapotosheka. Muda wa mkataba ni miaka 100.

Tukifanya hesabu, mambo yanakuwa wazi: piasta 20,000 kwa mwaka kwa ajili ya watu, na piasta 2,000 za ushuru kwa mfalme. Watu hao walitakiwa katika mashamba ya Ile de France, ndiyo Mauritius ya leo, na kisiwa jirani cha Bourbon, yaani Réunion. Mkataba unataja jina la muuzaji, la baba yake na la babu yake. Unataja jina la mnunuzi. Wale 1,000 wanatajwa kwa idadi na bei.

Na miaka 100 haikufika. Waomani waliirudisha Kilwa mikononi mwao katika miaka ya 1780, lakini biashara yenyewe haikufa. Ilikua, na kitovu chake kikahamia bara, Kilwa Kivinje. Taarifa ya kamati ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1871 ina hesabu za forodha za Kilwa kwa miaka 5, kuanzia 1862 hadi 1867: watumwa 76,703 walipelekwa Unguja, na 20,500 kwingineko. Jumla ni watu 97,203. Karani aliyeandika tarakimu hizo alikuwa mwangalifu, kwa kuwa kila mmoja alitozwa ushuru.

Ndipo tunapomrudia Paulo, naye yumo kifungoni. Ajabu ya waraka wake ni kwamba naye anatumia lugha ya daftari la biashara. Anamwambia Filemoni kwamba, ikiwa Onesimo anadaiwa chochote, deni hilo liandikwe kwa jina lake yeye Paulo, naye anatia mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Ni maneno ambayo Morice na Sultani Hasan wangeyaelewa bila mkalimani. Tofauti ni kwamba hapa mtumwa ana jina. Tena Paulo anacheza na jina hilo, maana Onesimo ni kusema “mwenye kufaa”, kisha anaomba apokelewe kama ndugu.

Wapo wanaopenda kuisimulia habari hii ya Kilwa kana kwamba ni aibu ya Waislamu peke yao. Mkataba wenyewe unakataa. Aliyeuza alikuwa Mwislamu, aliyenunua alitoka katika taifa lililojiita binti mkubwa wa Kanisa, na waliowaleta watu kutoka pande za Ziwa Nyasa walikuwa Waafrika wenzao. Papa Yohane Paulo II, alipofika kisiwa cha Gorée, Senegal, mwezi Februari 1992, aliomba msamaha wa Mbingu kwa dhambi hiyo, akikiri kwamba ilitendwa pia na watu waliobatizwa.

Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walianzisha kijiji cha waliokombolewa, na waliobatizwa huko walipewa majina mapya, mara nyingi ya Kizungu. Mtu anaweza kuuliza, na tunaona ni swali halali, jina alilopewa mtoto na mama yake lilikwenda wapi. Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyetekwa akiwa mtoto huko Sudan, hakulikumbuka tena lake. “Bakhita” aliitwa na waliomteka.

Mwezi wa Novemba, waamini watakapoleta bahasha zenye majina ya marehemu wao, tumeiomba Halmashauri ya Walei iongeze bahasha moja kwa ajili ya hao 97,203 na wengine waliopita Kilwa kabla yao na baada yao. Misa yao itasomwa tarehe 2, asubuhi, pamoja na ya marehemu wetu wote.