Jack Bauer Kisiwani: Ubishi wa Nansio Kuhusu Sizoni ya Nne

Ukitaka kukadiria umri wa mtu wa Nansio bila kumuuliza mwaka aliozaliwa, muulize ni sizoni ipi ya 24 iliyo kali kuliko zote. Akikujibu "24 ndiyo nini?", huyo ama ni mtoto wa juzi ama ni mzee wa siku nyingi. Akianza kupandisha sauti na kukusogezea kiti, huyo ni rika langu.

Rika langu ni lile lililokuwa shuleni kati ya mwaka 2005 na 2010, wakati Jack Bauer akijulikana Ukerewe kuliko nusu ya wachezaji wa Taifa Stars. Tulibishana juu yake kwenye foleni ya maji, kwenye kijiwe cha kahawa, hata gatini tukisubiri meli. Wakubwa walidhani ni ubishi wa kitoto, wa nani kaua wangapi. Mimi naamini ulikuwa ubishi mzito kuliko tulivyojua wenyewe, na ndiyo sababu naandika historia yake hapa. Tumezoea kuandika historia ya vitabu tulivyosoma. Tulivyotazama navyo vilitufundisha kufikiri.

Kwa ambao hawakuiona: 24 ilianza kurushwa Marekani tarehe 6 Novemba 2001, kwenye kituo cha Fox. Sizoni moja ni siku moja, na episodi moja ni saa moja ya siku hiyo, saa ikihesabika kwenye kioo, sekunde baada ya sekunde. Jack Bauer, aliyeigizwa na Kiefer Sutherland, ni mpelelezi wa kitengo cha kupambana na ugaidi. Siku zote kuna bomu, au sumu, au rais anayetaka kuuawa, na muda hautoshi. Hadi inaisha Mei 2010 zilikuwa sizoni 8, episodi 192.

Wamarekani waliitazama episodi moja kwa wiki. Sisi ilitufikia kwa CD. Zilipanda meli Mwanza pamoja na magunia ya unga na kreti za soda, zikavuka ziwa kwa MV Clarias au MV Butiama, na jioni zilikuwa Nansio. CD moja ilikuwa imebanwa episodi nyingi, picha ina ukungu, maandishi ya Kichina yanapita chini. Ikikwaruzika, deki inaruka, na dakika kumi za maisha ya Jack Bauer zinapotea. Ukiuliza kilichotokea hapo katikati, kila mtu anakupa jibu lake.

Tulitazamia kwenye kibanda umiza. Mabenchi, turubai la kuzuia mwanga, televisheni moja, jenereta nje kwa siku ambazo umeme hauna habari na wewe. Kiingilio ni shilingi mia au mia mbili. Kwa kuwa wengi Kiingereza kilikuwa kinapiga chenga, palikuwa na kijana wa kutafsiri. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, yaani Kapteni Derek Mukandala, ambaye sauti yake ilisikika juu ya filamu nyingi za kigeni. Kampala wana VJ Jingo. Sisi tulikuwa na huyo kijana wetu, aliyesimama pembeni na kutuambia kinachosemwa, na mara nyingine kinachopaswa kusemwa.

Halafu kulikuwa na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, na wavuvi wanapumzika. Basi wavuvi wa Ukerewe walimjua Jack Bauer kwa kalenda ya mwezi: siku chache mfululizo wanajaza kibanda, kisha giza linarudi, wanarudi majini, na sizoni inaendelea bila wao. Wakirejea wanakuta Tony Almeida amekuwa mtu mwingine kabisa. Ukitaka kuelewa kwa nini maoni yalitofautiana kiasi kile, anzia hapo. Hatukuwa tumeona kitu kimoja.

Lakini hata walioona kila kitu hawakukubaliana.

Kulikuwa na wa sizoni ya kwanza, wengi wao wakubwa kidogo. Hao sababu yao ilikuwa moja: kifo cha Teri, mke wa Jack, kwenye episodi ya mwisho. Kibanda umiza kina sheria isiyoandikwa, kwamba stelingi hafi na familia ya stelingi huokolewa. 24 ilivunja nusu ya pili ya sheria hiyo, na kuna watu ambao hawakuisamehe kamwe. Wengine waliipenda kwa sababu hiyohiyo.

Kulikuwa na wa sizoni ya tano, na hawa walikuwa wengi. David Palmer, rais wa zamani, anauawa mwanzoni kabisa, hata hujakaa vizuri kwenye benchi. Baadaye unagundua kwamba rais aliyeko madarakani, Charles Logan, yumo kwenye njama. Wamarekani nao waliipenda. Ndiyo iliyoipatia 24 tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka 2006. Hoja ya hapa kwetu ilikuwa fupi: adui wa kweli yuko ikulu. Ilisemwa kwa sauti ya chini kidogo.

Sizoni ya sita haikuwa na wakili. Bomu la nyuklia linalipuka mapema, kisha inageuka kuwa ugomvi wa Jack na kaka yake na baba yake. "Sasa hii ni ya ukoo," alisema mtu mmoja akitoka nje, na kibanda kikabaki nusu. Ya saba ilirudisha watu, kwa kicheko kwanza. Adui mkubwa ni jenerali kutoka nchi ya kubuni ya Afrika, Sangala, na jina lake ni Juma. Akina Juma wa Nansio walitaniwa mwaka mzima.

Dada zetu hawakuruhusiwa kibandani, lakini CD zilifika majumbani. Binamu yangu alikuwa na msimamo ambao sijawahi kuupangua: kwamba bila Chloe O'Brian kwenye kompyuta Jack angekufa mapema sana, na kwamba wanaume hawamtaji Chloe kwa kuwa hapigi mtu.

Hiyo kauli, "hapigi mtu", ndiyo inayotufikisha kwenye sizoni ya nne.

Ndani ya sizoni ya nne Jack anamshuku mtu aitwaye Paul Raines, mume wa mwanamke ambaye Jack mwenyewe anampenda. Anamfunga kwenye kiti na kumtesa kwa waya wa umeme wa taa. Paul hana hatia. Baadaye Paul huyohuyo anaikinga risasi iliyokuwa ya Jack. Anawekwa kwenye meza ya upasuaji, na Jack anaingia na bastola kumlazimisha daktari amwache, amtibu mtuhumiwa mwenye taarifa za bomu. Paul anakufa pale, mkewe akiona. Na katika sizoni hiyohiyo, wakili wa shirika la haki za binadamu anafika usiku kuzuia mtuhumiwa asiteswe. Jack anajiuzulu kazi papo hapo, kusudi amvunje vidole kama raia wa kawaida.

Kijana wetu alipotafsiri maneno ya yule wakili, kibanda kilizomea. Vidole vilipovunjika, kilishangilia. Alipokufa Paul kikanyamaza. Nje ndipo ligi ilipoanza, na haikuisha usiku ule wala mwaka ule.

Wavuvi walisimama na Jack. Usiwadharau. Ziwani mtu anaibiwa nyavu na mashine ya boti, mali ya miaka, kwa usiku mmoja. Akikamatwa mmoja wa wezi, wenzake wako njiani, na alfajiri mashine itakuwa imeuzwa ng'ambo. Ile saa iliyokuwa ikihesabu kwenye kioo, wao walikuwa wameisikia maishani. "Wewe unayesema asipigwe hujawahi kuibiwa mashine," mmoja alituambia wanafunzi, na hatukuwa na jibu.

Zaidi ya hapo, Kanda ya Ziwa ilikuwa na jibu lake tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, ujambazi wa silaha na wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanavijiji wa Usukumani waliunda sungusungu. Walijilinda kwa pinde na mishale, wakakamata, wakahoji, wakahukumu. Wizi ulipungua, hilo wazee wengi watakuapia. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini wazee walewale, ukikaa nao muda mrefu, watakutajia pia mtu aliyepigwa akakiri asichokifanya.

Upande wa pili kwenye kijiwe kile alikuwapo mwalimu mstaafu. Alikulia kwenye riwaya za Elvis Musiba na alimpenda Willy Gamba tangu Kufa na Kupona ya 1974, kwa hiyo usingeweza kumwambia hajui mambo ya upelelezi. Yeye alisikiliza, akanywa kahawa yake, kisha akasema: "Hapa kwetu waziri aliachia ngazi kwa mambo hayo."

Wengi wetu tulikuwa hatujui. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliendesha msako kufuatia mauaji ya wazee walioitwa wachawi. Sababu ilikuwa njema. Wazee walikuwa wanauawa kweli. Watu wengi walikamatwa, wakateswa ili waseme, na baadhi wakafia mikononi mwa waliowahoji. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu. Hakuwa ametesa mtu wala kuagiza mtu ateswe. Alichukua dhamana kwa sababu yalifanyika chini ya wizara yake. Mwaka 1985 akawa Rais, na hadi alipofariki Februari 2024 kujiuzulu kule kulitajwa kama mfano wa uongozi. Watajwao mara chache ni wale waliofia ndani.

Ndiyo maana nasema ubishi wa Nansio haukuwa wa kitoto. Tulikuwa ndani ya mkoa uleule. Baadhi ya wazee waliopita mbele ya kibanda chetu walikuwa watu wazima mwaka 1976. Sisi tulidhani tunabishana kuhusu Los Angeles.

Na wala hatukuwa peke yetu. Novemba 2006 Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa taaluma wa chuo cha kijeshi cha West Point, alisafiri hadi California kukutana na watengenezaji wa 24. Alikwenda kulalamika kwamba tamthilia yao inawafanya vijana wanaofunzwa uanajeshi waamini mateso yanafanya kazi. Yaani jenerali wa Marekani na mwalimu mstaafu wa Ukerewe, bila kujuana, walikuwa upande mmoja wa ligi ileile. Sizoni ya saba ilipotoka, Januari 2009, ilianza na Jack amekaa mbele ya kamati ya Seneti akihojiwa kuhusu watu aliowatesa. Inaishia akiwa anadhaniwa anakufa, na pembeni ya kitanda chake yuko imamu ambaye siku hiyohiyo Jack alikuwa amemshuku.

Msimamo wangu? Sizoni ya nne ndiyo bora, na sababu ni Paul Raines. Hila kubwa ya 24 haikuwa bomu, ilikuwa ile saa. Saa inakuaminisha kwamba hakuna muda wa kuuliza, na mwandishi anakuwa ameshapanga kwamba aliyefungwa kwenye kiti anajua kitu. Mtazamaji hana namna ila kumshangilia Jack. Kwenye maisha hakuna mwandishi wa kukuhakikishia kwamba aliyekaa kwenye kiti ndiye. Sizoni ya nne, katikati ya vishindo vyake, ilitoa dhamana hiyo: ilimweka asiye na hatia kwenye kiti, ikatuonyesha stelingi wetu akifanya yaleyale tuliyokuwa tukiyashangilia, kisha ikatulazimisha tumwone akifa. Wa sizoni ya tano watasema Jack alimpiga risasi ya mguu mke wa Henderson na Henderson bado hakusema, kwa hiyo somo ni lilelile. Sawa. Lakini Henderson alikuwa adui. Somo la Paul ni gumu zaidi.

Leo CD zimekwisha na kila mtu anatazama kwenye simu yake, peke yake, kwa mpangilio sahihi, bila kurukwa hata dakika moja. Hakuna anayekosa episodi kwa sababu ya mwezi. Hakuna pia anayetoka nje akakuta watu ishirini wanaomsubiri kumpinga. Hilo la pili linanisikitisha zaidi, maana kukubaliana hatukuwahi kukubaliana, ila kila mtu alilala akiwa amesikia hoja ambayo asingeipata peke yake.

Kazi yangu sasa ni habari. Kuna sentensi ambayo sisi waandishi tunaiandika karibu kila wiki bila kuifikiria: mtuhumiwa anashikiliwa na anaendelea kuhojiwa. Ni sentensi fupi, imezoeleka, haina saa wala kiti ndani yake. Kila nikiiandika sasa namkumbuka Paul Raines, na naongeza simu moja zaidi kabla sijaituma: nani anamhoji, amefikishwa mahakamani lini, na ndugu zake wamemwona?